Kwao ni Wapi?

Ukishuka Maganzo, mkoani Shinyanga, na basi la alfajiri, kabla wauza chai hawajakoleza majiko, utakuta kwenye baraza la duka moja karibu na barabara kuu mtu amelala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Mimi nimemkuta hapo zaidi ya miaka mitatu. Akiamka hufagia mbele ya vibanda vinne, kila siku vile vile vinne, hata kama cha tano ndicho kichafu kuliko vyote. Mama lishe wa jirani humtilia chai kwenye kikombe cha plastiki cha kijani ambacho hakuna mteja mwingine anayekigusa, na mchana humwekea ukoko wa wali na mchuzi wa maharage. Ana jina na watu wanalijua. Ila ukiuliza habari zake, dereva wa bodaboda, mlinzi na mwenye duka watakujibu vile vile: "Huyo si wa hapa. Kwao mbali." Wengine wanataja Singida, wengine Mara. Alikuja kutafuta almasi kama walivyokuja wote, akaugua.

Kwao. Nilianza kulisikiliza neno hilo nikagundua liko kila mahali anapotajwa mgonjwa wa akili. Hospitali inasema ameruhusiwa, arudi kwao. Polisi wanasema atafutiwe kwao. Mwenyekiti wa mtaa anasema kwao hakujulikani. Nchi yetu imewajengea wagonjwa hawa malazi ya kila namna kwa zaidi ya miaka 120, na karibu kila mjenzi aliweka msingi wake juu ya dhana moja, kwamba siku moja mgonjwa atachukua mzigo wake na kurudi kwao. Kwa yule ambaye ugonjwa umemganda miaka ishirini, ambaye wazazi wamekufa na ndugu wamechoka, hatukuwahi kuwa na jibu la kudumu. Tulikuwa nalo nusu, mara moja, nami nitafika huko.

Usukumani jibu la kwanza lilikuwa kaya. Nyumba kadhaa ndani ya ua wa minyaa, zizi la ng'ombe, maghala, na kizazi juu ya kizazi. Katika mji wa namna hiyo aliyerukwa na akili hakuhitaji chumba chake maalumu, kwa sababu vyumba vilikuwepo na macho yalikuwepo. Kulikuwa na kazi ambazo mtu aliyevurugika anaziweza: kuchunga ndama, kuteka maji, kufukuza ndege kwenye mtama. Hali ikizidi, walimpeleka kwa nfumu, yaani mganga.

Watu wengi wanamfikiria mganga kama mtu wa vibuyu na ramli, wakasahau kwamba kwa wagonjwa wa akili alikuwa pia mwenye nyumba. Kaya za bafumu wakubwa zilikuwa na vibanda vya wagonjwa, na mgonjwa alikaa humo miezi, pengine miaka, akiwa na ndugu wa kumpikia. Dawa zilikwenda pamoja na jembe. Aliyeanza kutulia aliingia shambani kwa mganga, na wengine walilima mpaka ikawa vigumu kujua nani anamtibu nani. Nisipake asali. Wapo waliofungwa miguu kwenye mkatale, gogo lenye matundu, wakakaa humo mpaka ngozi ikaoza. Wapo waliopigwa ili pepo atoke. Wapo ambao ng'ombe wa baba yao waliisha na kichaa kikabaki. Lakini kaya ya nfumu ilikuwa na mlango mmoja ambao hospitali zilizofuata hazikuwa nao. Baadhi ya wagonjwa walibaki moja kwa moja. Ugonjwa wenyewe ulichukuliwa kuwa ni mwito wa mababu, na mgonjwa akafundishwa mizizi, akawa mwanafunzi, na baadaye nfumu. Alikuja bila makao ya uhakika, na alipotibiwa ndipo akapata kwao kupya.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi wa mawazo hayo. Mwendawazimu ni mtu anayekwenda na wazimu, na wazimu ni ndugu wa mzimu na mizimu. Maana yake hayuko peke yake, ana wenzake tusiowaona. Siku hizi kwenye semina tunasema "mwenye changamoto ya afya ya akili," maneno safi, yenye adabu. Nayapokea, ingawa naona katika kuyasafisha tumewaondoa wale wenzake na hatukumpa wengine.

Wajerumani walikuja na jibu jingine, na lilianzia mahali ambapo wengi hawajapasikia. Juu kwenye milima ya Usambara, upande wa Korogwe, kuna Lutindi. Mwaka 1896 Wajerumani wa madhehebu ya kiinjili walijenga pale makao ya watoto waliookolewa utumwani. Fikiria watoto wale ni nani. Walinyakuliwa bara wakiwa wadogo, wakapitishwa njia za misafara, wakaokolewa pwani, na hakuna aliyeweza kusema mama zao walikuwa kijiji gani. Lutindi ilijengwa kwa ajili ya wasio na kwao. Watumwa walipopungua na watoto wakakua, majengo yakapata kazi nyingine, na miaka ile ile ya kuzuka kwa Maji Maji wakaanza kupokewa wagonjwa wa akili. Hiyo ndiyo inayotajwa kuwa hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Mtindo wake ulitoka Bethel, kitongoji cha Bielefeld huko Ujerumani, kazi iliyoanza mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na ambayo mchungaji Friedrich von Bodelschwingh aliikuza ikawa mji mzima. Bethel haikuwa na wodi ndefu zenye vitanda mia. Ilikuwa na nyumba, na kila nyumba ilikuwa na mzee wake na mama yake, wakila meza moja na wagonjwa, kisha wote wakaenda kazini: bustanini, kwenye karakana, kwenye tanuri la matofali. Lutindi iliichukua roho hiyo ikaipandisha mlimani. Wakoloni wamekuja na kuondoka, dayosisi ya Kanisa la Kilutheri (KKKT) ikaichukua, na bado iko, na mashamba yake ya chai na kazi zake za mikono. Kati ya taasisi zote za nchini nitakazozitaja hapa ndiyo iliyodumu zaidi, na sidhani kama ni bahati tu. Iliyojengwa kwa ajili ya wasio na pa kurudi haikujidanganya kwamba kila mtu ataondoka.

Waingereza walipochukua Tanganyika hawakuwa na roho hiyo wala haraka hiyo. Kwao kichaa lilikuwa suala la utulivu wa umma: mtu anayetembea uchi sokoni, anayerushia mawe ofisi ya bwana shauri, aliyeua. Wengi walianzia jela, na wengine waliishia humo. Mwanahistoria Megan Vaughan ameonyesha kwamba Afrika ya kikoloni haikuwafungia vichaa kwa maelfu kama Ulaya ilivyofanya. Serikali hazikuwa na fedha, na familia ziliwabakiza wengi nyumbani. Waliofungiwa walikuwa wachache, na mara nyingi walikuwa ndio hasa walioachana na nyumbani: vibarua, wapagazi, wafungwa, watu wa miji na makambi.

Mirembe ilijengwa Dodoma mwaka 1927. Mwaka uliofuata reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, ikipita Shinyanga. Sijui kama kuna afisa aliyeyaunganisha mambo hayo mawili kwenye jalada lake, lakini kwa mgonjwa wa Usukumani matokeo yalikuwa dhahiri. Sasa angeweza kupandishwa gari moshi akiwa na askari pembeni, akabadilisha Tabora, akashushwa Dodoma, kwenye nchi ya Wagogo ambako hakuna aliyeelewa Kisukuma chake. Alipewa sare, kitanda, uji na jembe. Baadaye pembeni yake ikaja taasisi ya Isanga, kwa ajili ya waliotenda makosa wakiwa wamechanganyikiwa, na huko muda wa kukaa ulihesabiwa kwa namna nyingine kabisa, maana kutoka kulihitaji sahihi ya mkubwa.

Jina Mirembe kwa Kiganda ni amani. Kwetu likageuka utani na tusi. Mtoto akicheka peke yake darasani anaambiwa nafasi yake iko Mirembe. Mwaka 1973 serikali ilipoamua kuhamishia makao makuu Dodoma, wenye midomo Dar es Salaam hawakuhitaji kutunga kichekesho kipya. Ila chini ya mzaha huo kuna jambo zito. Ukishakwenda Mirembe, ukirudi umerudi na jina hilo. Shamba lako ndugu wamekwisha kuligawana, mke ameolewa, na nyumba yako imelala kwa mvua za miaka minne. Wauguzi wa hospitali za namna hii popote duniani wanaijua safari ile: unamsindikiza mgonjwa hadi kijijini, unapokewa kwa heshima, unapewa maziwa, na wiki mbili baadaye mgonjwa yuko tena kwenye lango la hospitali, ameletwa na ndugu wasiotaka kuulizwa maswali.

Hapa niingize habari ya nyumbani, maana hatuwezi kuzungumzia makazi Maganzo bila kutaja uzio. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua mwamba wa almasi Mwadui. Kufikia kufa kwake mwaka 1958 kulikuwa na mji ndani ya waya: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, klabu, uwanja wa ndege. Nje ya waya ndipo ilipokua Maganzo, mji wa vyumba vya kupanga, wa wanunuzi wa mawe, wa wabeshi, wale wanaojipenyeza usiku kuchekecha mabaki ya mchanga wa mgodi. Ndani ya uzio nyumba ilikuwa ya kampuni, na ilikwenda na kazi. Aliyeugua akili akashindwa zamu alipoteza vyote viwili siku moja. Nje ya uzio nyumba ilikwenda na kodi. Hakuna upande uliokuwa na nyumba inayokwenda na mtu mwenyewe.

Sasa lile jibu la nusu. Lilianzia mbali na kwetu. Mwaka 1954, Abeokuta nchini Nigeria, daktari kijana Thomas Adeoye Lambo alirudi kutoka masomoni Uingereza akakuta hospitali ya Aro bado haijakamilika. Badala ya kusubiri kuta, akaenda kwa wazee wa vijiji vya jirani. Alichowaomba ni vyumba. Mgonjwa atapanga kwenye nyumba ya mwanakijiji, aje na ndugu mmoja wa kumpikia na kumfulia, asubuhi aende hospitalini kutibiwa, jioni arudi kwenye kelele za kawaida za kuku na watoto. Wenye nyumba wakapata kodi, kijiji kikapata maji na huduma, daktari akapata kitu ambacho hakipatikani wodini, yaani maisha. Waganga wa kienyeji nao akawaingiza. Mwaka 1961 madaktari wa magonjwa ya akili wa Afrika walikutana pale pale Abeokuta, wakaona kwa macho, na habari zikasambaa.

Ulaya ilikuwa na babu wa mfumo huo. Huko Geel, mji mdogo wa Ubelgiji, tangu zama za kati mahujaji wenye wazimu walikwenda kumwomba Mtakatifu Dymphna. Kanisa lilipojaa, familia za mji zikaanza kuwalaza. Hawakuacha. Katika miaka ya 1930 mji ule ulikuwa na wageni wa namna hiyo zaidi ya 3,000, kila mmoja akiishi na familia iliyolipwa kiasi fulani, na kuna familia zilizorithishana mgeni kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Watu wa Geel hawamwiti mgonjwa. Wanamwita mpangaji.

Tanzania ililipokea wazo la Aro wakati ambao neno kijiji lilikuwa na uzito kuliko neno lolote. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Mwishoni mwa muongo ule, huko Hombolo nje ya Dodoma, ukaanzishwa kijiji cha wagonjwa wa akili chini ya mkono wa Mirembe. Waliotulia hospitalini lakini hawana haraka ya kuondoka, au hawana pa kwenda, walihamia pale. Walijengewa nyumba, wakapewa mashamba na mifugo, akawepo muuguzi wa kukaa nao na dawa zikifika kwa ratiba. Mazao walikula na ziada iliuzwa. Ndugu aliweza kuja kukaa, na mwanakijiji wa kawaida aliweza kuwa jirani. Vijiji vya namna hiyo vikaanzishwa mikoa mingine, na Dar es Salaam wagonjwa wa hospitali ya Muhimbili wakapata kijiji cha Vikuruti.

Huwa nakaa na picha ya Hombolo kichwani muda mrefu kuliko inavyostahili, labda kwa sababu nililelewa na watu waliohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa na sikuwahi kuwasikia wakivisifu. Mtu mzima mwenye akili timamu alibomolewa nyumba, akaambiwa aende akaishi pamoja na wenzake. Lakini kwa mgonjwa wa Mirembe miaka hiyo hiyo, kijiji kilikuwa ni kutoka wodini kwenda kwenye mlango wenye komeo upande wa ndani. Sera moja, na kwa huyu ni hasara, kwa yule ni ukombozi. Komeo la ndani si jambo dogo. Muulize mtu aliyelala miaka saba kwenye chumba kinachofungwa kwa nje.

Kosa la vijiji hivi lilikuwa kwenye jina la kazi yake. Vilikuwa vya ukarabati wa wagonjwa kwa kilimo, na mtu unamkarabati ili aondoke, kama gari gereji. Kila aliyepanga bajeti aliuliza wangapi wamerudi kwao mwaka huu, wala hakuuliza wangapi wanaishi vizuri hapa. Tena kilimo chenyewe kilimdhania kila mgonjwa ni mkulima. Fundi cherehani wa Moshi au karani wa bandari alipewa jembe Hombolo na kuhesabiwa kuwa anaendelea vizuri akilima. Hayo yangerekebishika. Kilichoviumiza zaidi ni miaka ya mwisho ya muongo wa 1970: vita vya Kagera, bei ya mafuta, kisha masharti ya wakopeshaji. Serikali iliyoshindwa kupeleka mafuta kwenye gari la wagonjwa isingeweza kupeleka muuguzi akakae kijijini na watu 40. Vijiji vingi vilidhoofika kimya kimya, bila tamko la kuvifunga, na labda ndiyo maana hatukuwahi kujadili tulichopoteza.

Kilichochukua nafasi ya vijiji kilikuwa kizuri kwa namna yake. Tangu mwaka 1952 duniani kulikuwa na dawa ya wazimu iitwayo klorpromazini, ambayo manesi wetu wanaiita CPZ, na baadaye zikaja sindano zinazokaa mwilini wiki nne. Kuanzia miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa taifa wa afya ya akili ukaanza na mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Shabaha yake ilikuwa kuwafundisha watumishi wa zahanati na vituo vya afya kumtambua mgonjwa na kumtibu karibu na nyumbani, asisafirishwe tena kwenda Dodoma. Mtu aliyekuwa anafungwa kamba sasa anachomwa sindano na kurudi shambani. Profesa Gad Kilonzo na wenzake wa Muhimbili waliujenga mfumo huo na kuandika juu yake. Nimeona mwenyewe vijana walionyanyuka kwa sindano ile, siwezi kuidharau.

Ila sindano haipiki ugali. Marekani ililijua hilo kwa njia mbaya. Mwaka 1955 hospitali zake za serikali zilikuwa na wagonjwa wa akili kama 559,000. Dawa zikaja, mwaka 1963 Rais Kennedy akatia saini sheria ya vituo vya jamii, na milango ikafunguliwa. Vituo vingi havikujengwa. Waliotoka walikwenda kwenye nyumba za kulala wageni za bei chee, kisha mitaani, kisha jela. Italia ilifunga hospitali zake kwa sheria ya mwaka 1978 iliyochochewa na Franco Basaglia, na pale ilipofanikiwa, kama mji wa Trieste, ilikuwa ni kwa sababu kila kitanda kilichoondolewa kilibadilishwa na chumba mahali fulani: nyumba ndogo za watu wanne watano, mtumishi wa kupita asubuhi, ushirika wa kazi. Uingereza nako kulikuwa na nyumba za namna hiyo tangu mwaka 1959 zilipoanzishwa zile za Richmond Fellowship. Mtu ana ufunguo wake, ana mkataba wa kupanga, na kuna anayegonga mlango kuuliza umekula, umemeza dawa. Haya ndiyo yanayoitwa makazi yenye usaidizi, na ukiyavua majina ni Aro tu bila kuku.

Turudi Shinyanga. Mkoa huu si mgeni wa kuwalaza wasio na kwao. Kolandoto, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission (AIM) walianzisha hospitali yao mwaka 1913, kuna makazi ya wazee wasio na wa kuwatunza. Katika mkoa ambao macho mekundu ya bibi kizee yaliyoungua kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe yaliwahi kutosha kumfanya aitwe mchawi na kumtia kwenye panga, makazi ya namna hiyo hayahitaji kuelezewa. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipopamba moto, kituo cha Buhangija kikajaa watoto walioletwa usiku usiku na wazazi wao, na wengine walikaa hadi wakasahau njia ya nyumbani. Kila mara ilikuwa ni kukimbilia: hatari imekuja, watu wakafichwa, kisha maficho yakawa makazi bila mtu kuyapangia.

Na kuna somo jingine karibu zaidi. Kwa vijana wa dawa za kulevya, Zanzibar, kisha Dar es Salaam na kwingineko, tuna nyumba za upataji nafuu, zile wenyewe wanaziita soba. Nyingi zilianzishwa na watu waliopona wenyewe, wanalala pamoja, wanapika kwa zamu, wanakemeana. Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya inazitambua. Kwa hiyo hatuwezi kusema nyumba ya pamoja ya watu wagonjwa ni mambo ya kizungu yasiyowezekana Tanzania. Mtu mwenye skizofrenia ndiye hatujamfikiria hivyo, maana soba ina tarehe ya kutoka na yeye hana. Sheria tunazo: Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, mkataba wa haki za watu wenye ulemavu tulioridhia mwaka 2009 ambao kifungu chake cha 19 kinazungumzia haki ya kuishi katika jamii kwa chaguo lako, na sheria yetu ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010. Hata mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulijengwa juu ya neno kaya. Aliyelala barazani si kaya.

Ukanda huu wa madini unalifanya jambo hili kuwa kali kuliko kule Lushoto au Rombo. Kuanzia Maganzo hadi Kahama, Kakola, Rwamagasa na Geita yenyewe, watu wanaishi kwa kuhama. Duara, yaani shimo la madini, likitema, kambi inajaa ndani ya wiki. Likikauka, mabati yanang'olewa. Kijana anatoka Kigoma anapanga chumba na wenzake watatu, anavunja mawe kwenye karasha, anashika zebaki kwa mikono mitupu, na zebaki ni sumu ya mishipa ya fahamu. Kulikuwa na viroba vya pombe kali mpaka serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017, nayo gongo haikuhitaji kibali kabla wala baada. Sisemi uchimbaji unaleta wazimu. Nasema wazimu ukija mahali hapa unamkuta mtu peke yake, kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, kodi ikidaiwa tarehe mosi. Wenzake watamvumilia mwezi. Watachanga nauli. Wakikosa wa kumpigia simu, atahamia barazani.

Hospitali ya Bugando iko Mwanza, na hospitali ya mkoa iko Shinyanga mjini, na sindano inapatikana bila kwenda Dodoma. Sijaona, katika safari zangu za ukanda huu, nyumba hata moja iliyowekwa rasmi kwa ajili ya mgonjwa wa miaka mingi asiye na familia. Nimeona isiyo rasmi.

Iko Maganzo, nyuma ya soko, nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana uani, choo upande wa mkuyu. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sitini na kitu, Msukuma wa Maswa, mjane, anauza mkaa. Chumba cha nne amekaa mwanamume wa makamo aliyewahi kuwa fundi wa mashine za kuchekecha. Mdogo wake yuko Geita kwenye karasha, anatuma hela kwa simu kila mwezi: ya chumba, na nyongeza kidogo ambayo mama anaiita ya macho. Kwa nyongeza hiyo anampa chakula cha jioni, anamhimiza kuoga, na anampeleka kuchomwa sindano. Mkataba haupo. Wapangaji wengine waliambiwa siku ya kwanza kwamba wa chumba cha nne huongea usiku na asisumbuliwe. Asiyetaka akatafute kwingine. Wawili walihama, wanne wakabaki.

Nilimuuliza kama haogopi.

"Nimuogope kwa lipi, mwanangu? Akianza kupiga pasi nguo zile zile mara tatu najua sindano inaisha. Namwambia baba, twende. Tunakwenda."

"Na mdogo wake akiacha kutuma?"

Alinyanyua debe la mkaa, akalitikisa ili lishuke, akaongeza vipande viwili juu kama wanavyofanya kwa mteja wa siku zote. "Aliacha miezi miwili mwaka jana," alisema. "Nilimla yeye mkaa." Maana yake alimtumia kubeba magunia, naye akala kwa jasho lake. Aliniambia hivyo bila haya, na nilipokuwa nahesabu kichwani iwapo hayo ni unyonyaji, yule bwana alitoka chumbani, akanisalimia shikamoo ingawa mimi ni mdogo kwake, akachukua ufagio.

Mlango wa chumba cha nne ni wa mbao, umepakwa rangi ya bluu iliyobambuka. Upande wa kulia, usawa wa kifua cha mama yule, kuna mistari ya mkaa, mmoja kwa kila siku tangu sindano ya mwisho. Ikifika 28 huifuta kwa kitambaa cha maji na kuanza upya, na mbao mahali hapo imekuwa nyeusi ya kudumu. Siku nilipoondoka niliihesabu. Ilikuwa 19.